Maji Niliyoyameza

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Jua lilikuwa kali, wingu hata la dawa halikuwapo, na mimi nilikuwa nimeinama ukingoni mwa Mto Voi nikichuma nyanya mahali ambapo sikupaswa kulima. Niliinua kichwa kwa sababu ndege walikuwa wamenyamaza ghafla. Kisha nikasikia ngurumo kutoka upande wa milimani, ndefu, isiyokatika, nikadhani ni treni. Lakini reli ilikuwa mbali, na ngurumo ile ilikuwa inakuja kwangu. Nikaacha kikapu, nikaacha na viatu, nikapanda kilima mbio.

Ninyi mliozoea maji ya mfereji hamjui mto wetu ulivyo mjanja. Mwaka karibu wote ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala ndani yake, watoto wanacheza mpira. Mvua inyeshe huko juu Wundanyi, sisi huku bondeni tunaanika mahindi juani bila habari, na adhuhuri maji yanatufikia yakiwa yamebeba migomba ya watu wa milimani na mikungu yake. Kwa hiyo usiangalie anga, mwanangu. Uliza milimani kumelala vipi.

Lakini nimeruka. Acha nirudi nyuma kidogo, mtu mzima anaruhusiwa kurudi nyuma. Wenye haraka ni ninyi.

Niliolewa katika kijiji kile miaka michache baada ya Uhuru. Mimi ni mtoto wa Mghange, wa milimani, nimekulia kwenye baridi na ukungu, na nilipoletwa bondeni nililia wiki nzima kwa sababu ya joto. Mume wangu Mwakio alifanya kazi kwenye shamba la makonge, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alinijengea nyumba ya udongo, ndogo, safi, yenye dirisha moja lililotazama mto. Nililipenda dirisha lile. Niliishi ndani ya nyumba hiyo miezi saba, halafu mto ukapanda ukaichukua, pamoja na dirisha langu.

Hiyo ilikuwa mara ya pili maji kuingia kijijini. Ya kwanza yalikuja kabla sijaolewa, na watu walijenga upya palepale, wakalima palepale, hadi kwenye ukingo, kwa sababu udongo wa mto ndio mtamu. Yalipokuja mara ya pili yakakuta kila kitu kimewekwa tayari mbele yake. Hapo ndipo wazee walipokaa chini wakasema, hili si balaa tena, huu ni ukaidi wetu.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mghanga, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi, ambaye aliwahi kuwa mwashi milimani na alijua mambo ya kuta na maji. Yeye ndiye aliyeleta shauri la ukanda. Alitembea kutoka kwenye maji kuja nchi kavu akihesabu hatua kwa sauti, na alipofika thelathini akachomeka fimbo. Kuanzia hapo hadi mtoni, alisema, hakuna jembe. Patapandwa matete karibu na maji, nyuma yake miche ya makonge, nyuma yake mikuyu. Mizizi ishikane. Mto ukija utapunguza nguvu hapo, utatuachia tope na kwenda zake.

Haikuwa rahisi, usidhani. Kila familia ilitoa shamba lake bora kabisa. Wapo waliolia waziwazi, wanaume wazima. Lakini walitoa, na kila Jumamosi kijiji kizima kilishuka mtoni kupanda. Tuliiita siku ya mto. Laiti ningeweza kukuonyesha Jumamosi moja tu ya wakati ule! Wanawake tumejifunga leso viunoni, matope mpaka magotini, tunaimba nyimbo za kanisani na nyingine ambazo katekista alijifanya hazisikii. Sufuria kubwa ya kimanga, maharagwe yamepondwa na muhogo, inangoja kivulini. Watoto wanabeba miche vichwani. Tulikuwa maskini wa kutupwa, tunakula mahindi ya manjano ya msaada, na sijawahi kucheka sana maishani kama nilivyocheka Jumamosi zile. Hilo nalikosa hadi leo, na sioni haya kulisema.

Kando yangu kwenye mstari wa kupanda alikuwa Mama Mwende. Huyu alikuwa Mkamba, mumewe akifanya kazi ya reli pale Voi, na wazee walimpa kipande cha shamba kwa sababu alikuwa na watoto na hakuwa na mahali. Alikuja na mbuzi wanne na jembe lake mwenyewe lenye mpini mfupi, tukamcheka mpini, kisha tukamwona analima, tukanyamaza. Wote wawili tulikuwa wageni pale, mimi wa kuolewa, yeye wa kuhamia. Alinipa mbegu zake za mbaazi zinazovumilia ukame. Mimi nilimfundisha Kidawida, lugha yetu, yeye akanifundisha Kikamba cha kutosha kuwagombeza mbuzi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mbaazi zile zilitulisha msimu mzima mahindi yalipokauka.

Sasa sikiliza shida yangu ilikuwa nini. Tangu nyumba yangu ichukuliwe, nililala jikoni kwa mama mkwe wangu, Mkawasi. Miaka miwili, mwanangu. Jikoni mwa mwanamke mwingine! Sufuria si yako, moshi si wako, hata kupiga chafya unaomba ruhusa. Mkawasi hakuwa mtu mbaya, alikuwa na ulimi tu. Nikiweka chumvi alisema imezidi, nisipoweka alisema kwetu Mghange hatujui chumvi. Nilitaka nyumba yangu kama mgonjwa anavyotaka maji. Na nilitaka ya mabati, si ya nyasi, iliyojengwa juu kilimani ambako mto haufiki.

Shetani hakuja na pembe. Alikuja na jiwe. Kulikuwa na jabali kubwa kwenye kona ya mto, na nyuma yake ukanda ulijificha, njia haikupita hapo wala mtu hakuwa na haja ya kufika. Matete yalikuwa yamefika kimo cha mtu baada ya misimu mitatu ya kuyalea. Nikajiambia, hapa peke yake, kipande cha ukubwa wa ua wa nyumba, nani ataumia? Ukanda ni mrefu. Nikayang'oa matete, nikang'oa na makonge, nikapanda nyanya.

Zilizaa, mwanangu! Udongo ule ungepanda kijiti kingezaa. Nilizipeleka stesheni ya Voi, nikawauzia abiria wa treni madirishani. Nyumbani nilisema ninalima kwa shangazi yangu upande wa Mwatate. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa juu yake unaiona ndefu na iliyonyooka. Kidogo kidogo mabati yakaanza kupatikana, nikiyaegemeza nyuma ya jiko la Mkawasi na kuyahesabu kila asubuhi kabla ya kuosha uso.

Na ndipo ikaja ile siku ya jua kali.

Maji hayakupita juu ya ukanda. Popote pale matete yaliposimama, mto ulijikunyata ukatulia, kama Mzee Mghanga alivyosema. Yalipita nyuma ya jabali, kwenye kipande changu. Yalipakuta pako wazi, yakachimba, yakafungua mlango, na mto mzima ukageuka ukapitia hapo. Kutoka kilimani niliona yote. Mashamba ya familia nne yakaenda. Ukuta wa shule, ambao wazazi waliukandika wenyewe kwa mikono, ukakaa chini taratibu kama mzee anayeketi. Mbuzi watatu wa Mzee Mghanga wakaenda. Mtu hakufa, namshukuru Mungu kila nikilala na kila nikiamka, mtu hakufa.

Maji yaliposhuka watu walikwenda kuangalia yalipopenyea. Nyanya hazikuwapo tena, hata jani moja, wala mstari wa jembe. Ulibaki mchanga mweupe na shimo. Palikuwa safi kabisa, na usafi ule ndio ulionipoteza, kwa sababu nilijua hakuna atakayejua.

Kulikuwa na mkutano uwanjani mwa shule, mbele ya ukuta ulioanguka. Watu walikuwa wamechoka, na hasira ya mtu aliyechoka hutafuta mahali pa kukaa. Mmoja akasema matete hayajing'oi. Mwingine akasema, mbuzi hula matete machanga. Halafu, sijui ni sauti ya nani, ikasema, "Na mbuzi wanaozurura mtoni ni wa nani?"

Watu wote waligeuka kumwangalia Mama Mwende. Alikuwa ameketi kando yangu. Mtoto wake mdogo, Kioko, alikuwa amelala mapajani mwangu, kwa sababu mama yake alikuwa amechoka kutoa tope nyumbani nami nikamwambia lete nikushikie.

Alisimama. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kidogo akikasirika. "Mbuzi zangu nafunga na kamba," alisema. "Mnajua. Kila siku nafunga. Kama kuna mtu ameziona huko nyuma ya mawe, asimame hapa aseme."

Hakusimama mtu, kwa kuwa hakuna aliyeziona. Lakini wazee wale wale waliokuwa wamempa shamba walitazama chini. Mmoja wao akasema kwa upole, upole ule mbaya, kwamba labda ni vizuri akae na mumewe huko Voi kwa muda, shamba lirudi kwa kijiji, watu wapate kutulia. Mzee Mghanga alikohoa akasema ushahidi uko wapi, lakini sauti yake ilimezwa na za wengi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na siku ile wote walitafuta nje ya nguo.

Na mimi? Mimi nilimtikisa tikisa mtoto asiamke. Ulimi wangu ulikuwa kinywani, mzima, haujakatwa. Nilikuwa ninafikiria mabati yangu.

Mama Mwende aliinama, akamchukua Kioko mapajani mwangu, akaniambia, "Asante kwa kunishikia." Kesho yake asubuhi alikuwa ameondoka na watoto na mbuzi, jembe lake begani.

Siku tatu baadaye ndiyo ilikuwa siku ya kuanza kuziba lile pengo. Sasa, mwanangu, ujue desturi yetu Wadawida. Kazi kubwa ya pamoja haianzi kwa jembe. Inaanza kwa kutasa. Watu wanasimama pamoja, kibuyu cha maji kinazunguka, kila mmoja anachukua maji kinywani, anasema moyoni kinyongo alichonacho, kisha anayatema kwa nguvu chini ili hasira imtoke isije ikaharibu kazi. Wazee waliamini kinyongo kilichofichwa kina uwezo wa kuangusha ukuta. Katekista wetu hakupenda sana mambo hayo, ila alikuwa mtoto wa palepale, kwa hiyo aliomba sala kwanza, akasema amina, halafu na yeye akapokea kibuyu.

Kilipokuja kwangu nikachukua maji. Yalikuwa baridi, yana ladha ya moshi. Nikajaribu kusema moyoni, sina neno na mtu. Na ni kweli sikuwa na neno na mtu! Nani alikuwa amenikosea mimi? Nilisimama pale mashavu yamejaa, jirani wa kulia ametema, wa kushoto ametema, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Niliona kama nikiyatema yatatoka na jina langu. Basi nikayameza.

Nilifuta midomo kwa leso kama aliyemaliza. Nikadhani nimepona.

Tulirudi nyumbani alasiri, majembe yakingoja kesho yake. Mkawasi alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, hakuinua uso.

"Wakesho," alisema, "yale maji uliyapeleka wapi?"

"Maji gani, mama?"

"Ya kibuyu. Kila mtu alitema. Wewe koo lako lilipanda likashuka."

Yeye akaendelea kuchambua, mawe huku, maharagwe kule.

"Kwa shangazi yako Mwatate udongo ni mwekundu," alisema. "Jembe lako lilikuwa likirudi na tope jeusi la mto. Na mikono yako inanuka majani ya nyanya tangu mvua za vuli. Mimi si mtoto."

Nikakaa chini kwenye majivu. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini hakusema.

Hapo ndipo alipoinua uso, na sikuwahi kumwona vile, yule mama mwenye ulimi. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kwa sababu na mimi nililitaka jiko langu," alisema. "Nilitaka uhame, mwanangu. Lile jembe nililiosha mwenyewe mara mbili, watu wasilione. Nikala nyanya zako, nikasema tamu. Kwa hiyo usidhani nimekaa hapa kukuhukumu. Lakini mimi ni mzee, na wewe unayo maisha marefu mbele. Ukimeza hili leo, utalimeza kila siku. Utakaa kwenye nyumba yako ya mabati na kila mvua ikipiga juu yake utasikia jina la yule mama. Kesho tunakwenda kwa Mghanga, wewe na mimi. Nitatangulia kusema."

Nilimwambia naogopa. Akasema, "Hata mimi. Pembua maharagwe."

Tulikwenda. Mzee Mghanga alitusikiliza hadi mwisho bila kukohoa, jambo ambalo lilinitisha kuliko kelele. Kisha aliita watu uwanjani palepale, na nikasimama mbele ya ukuta ulioanguka nikasema, mimi ndiye niliyeng'oa matete, na mbuzi wa Mama Mwende hawakuwahi kufika pale. Nilitegemea mawe. Nilitegemea Mwakio aambiwe anirudishe Mghange. Badala yake nikaona jambo ambalo sikulitarajia: wao ndio walioshindwa kuniangalia mimi.

Mzee Mghanga akauliza, "Waliomtoa yule mama walikuwa wengi. Wa kwenda kumwambia ni nani?"

Mtu hakujibu. "Basi kazi haianzi," alisema. "Tumetasa bure. Tulitema kinyongo cha uongo. Atakapokuwa ameambiwa, tutashika majembe."

Mimi na Mkawasi tukaenda Voi kwa miguu, tukiwa na kuku mmoja na aibu ya kutosha kijiji kizima. Tulimkuta kwenye chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi wa reli, watoto wote wamejazana humo, mbuzi wamefungwa kwa kamba mlangoni. Kwa kamba, mwanangu. Alitukaribisha, akatupa viti, yeye akakaa juu ya debe. Nikasema yote, sikuficha hata mabati. Alisikiliza huku akimnyonyesha Kioko.

Nilipomaliza aliniuliza swali moja. "Siku ile kwa mkutano, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Nilikuwa kando yako," nikasema. "Nimekushikia mtoto."

"Haya," alisema. "Nilitaka tu nisikie wewe mwenyewe ukisema."

Hakutukana. Hakulia. Alitutilia chai, akasema tunywe kwa sababu safari ya kurudi ni ndefu na jua ni kali. Tulipomwomba arudi, alitikisa kichwa. Watoto wake walikuwa wameitwa wezi wa mto mbele ya wenzao, alisema, na hilo haliondoki kwa kuku. Ile chai ilikuwa na sukari, na mpaka leo sijui niliwezaje kuimaliza.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, huja baadaye, na akija anakaa. Tulianza kuziba pengo bila Mama Mwende. Mabati yangu yaliezeka ghala la mbegu la kijiji, kwa hiari yangu, hakuna aliyeniamuru. Nikabaki jikoni kwa Mkawasi miaka minne zaidi. Nadhani hiyo ilikuwa adhabu yake kama ilivyokuwa yangu, na ajabu ni kwamba tulipendana humo humo kwenye moshi. Alikuwa bado akisema chumvi imezidi. Matete ya nyuma ya jabali niliyapanda mimi, shina kwa shina, na Jumamosi nyingine nilipanda peke yangu wakati wengine wamekwenda sokoni. Yalikufa kiangazi, nikapanda tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Shamba la Mama Mwende, wazee walikataa kumpa mtu mwingine. Lakini shamba lisilolimwa hurudi msituni, na nilijua siku akija akakuta kichaka atasema, kumbe hawakuningoja. Kwa hiyo nikalilima. Kila msimu nilipanda mbaazi humo, mbegu zilezile alizonipa, na mavuno niliyapeleka mlangoni kwake Voi. Mara ya kwanza alipokea bila neno. Mara ya pili akaniuliza hali ya Mkawasi. Sikuwahi kumwomba tena arudi. Nilikuwa nimejifunza kwamba aliyekosa hana haki ya kumharakisha aliyekosewa.

Msimu wa tatu, mvua za masika zikiwa zimekaribia, nilikuwa kwenye shamba lile nikifungua mistari. Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Mama Mwende, jembe lenye mpini mfupi begani, watoto wamekua nyuma yake. Alisimama akaliangalia shamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani amelima hapa?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Mistari yako imepinda," alisema. Akaweka mzigo chini, akaanza kuinyoosha kutoka upande ule mwingine. Tulifanya kazi hadi tukakutana katikati, nami nikalia pale, mbele ya watoto, na yeye akanipa leso yake nifute uso na kuniambia mvua haingoji mtu anayelia.

Mto umekuja mara nyingi tangu hapo. Shule ilijengwa ya mawe, kwa harambee. Mikuyu imekuwa mikubwa, mizizi yake huwezi kuizunguka kwa mikono. Tope huingia, hukaa siku mbili, huenda zake, na sisi hupanda juu yake. Watu wakija kutoka mbali husema jamani, kijiji hiki kimepona kwa ajili ya miti. Mimi huwa natabasamu tu. Miti ilichukua miaka saba. Watu walichukua muda mrefu zaidi, na wengine hawakuwahi kumwangalia Mama Mwende usoni hadi walipozikwa.

Kwa hiyo nasikia sasa, mvua zikikaza, mnavyosemana. Fulani amelima ukingoni, fulani mifugo yake, fulani si wa hapa. Mwanangu, kabla hujamnyooshea mtu kidole, angalia tope kwenye jembe lako. Na kama kosa ni lako, liseme siku hiyohiyo, ukiwa bado umeketi na unayemkosea, kwa maana ukweli wa leo huokoa mtu, na wa baada ya siku tatu humkuta ameshaondoka na watoto wake. Ulipobomoa, rudi ujenge kwa mikono yako mwenyewe, wala usiulize ni lini utasamehewa. Na ukiwa mzee ukaona kijana wako anakosea, usimwoshee jembe. Mwulize. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliujenga, hata wa shule.

Mungu akupe nyumba yako mwenyewe, na dirisha. Akupe jirani atakayekwambia wazi kwamba mistari yako imepinda, na akupe masikio ya kumsikia. Mashamba yako yapate tope jema na yakose mafuriko. Na siku utakapotakiwa kusimama mbele ya watu useme, "Ni mimi," Mungu akushike magoti. Amina, mwanangu. Sasa nenda kwa yule mtu mliyemsema jana, utamkuta bado hajalala.